KUMSAIDIA MGOMBEA BILA KUMPOTEZA JIRANI
Somo juu ya kazi ya kujitolea na mikutano ya majirani wakati wa uchaguzi

Upande wa mashariki wa Eldoret, karibu na Kapsoya, uko mtaa uitwao Munyaka. Jina hilo ni la lugha ya Kikuyu, na maana yake ni bahati njema. Wakaaji wake wengi ni Wakikuyu, na nchi iliyouzunguka mji ni ya Wakalenjin. Tena wamo mjini Waluhya, Wajaluo, Wakisii na wengineo. Watu hawa wote hununua na kuuza katika masoko yale yale, na mvua kubwa ikiharibu njia, huwaharibia wote pamoja.

Mtaa wa namna hii wafaa sana kutufunza jambo ambalo kila raia wa Kenya hukutana nalo kila baada ya miaka mitano, yaani kazi ya kumsaidia mgombea. Kazi hiyo haifanywi na wakubwa wa vyama peke yao. Sehemu yake kubwa hufanywa na watu wasiotajwa katika magazeti: mama anayewakaribisha majirani kumi nyumbani kwake, kijana anayepita mlango kwa mlango, mzee anayeaminiwa na watu wa mtaa kwa neno lake. Swali la somo hili ni moja: kazi hiyo ifanyweje ili mgombea apate kura zake kwa haki, na siku ya pili majirani wabaki majirani?

Swali hili si dogo. Katika Munyaka limekwisha kugharimu nyumba za watu.

MAMBO YALIYOTOKEA

Uchaguzi Mkuu wa Kenya ulifanywa tarehe 27 Desemba, 2007. Matokeo ya kura za Rais yalitangazwa tarehe 30 Desemba, na papo hapo ghasia zikazuka mahali pengi. Munyaka ulikuwa mmoja wa mitaa ya Eldoret iliyoshambuliwa, na nyumba zikateketezwa kwa moto. Tarehe 1 Januari, 2008, huko Kiambaa, si mbali na mji, watu waliokuwa wamekimbilia kanisani walichomewa humo, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Maelfu ya watu walilala katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Eldoret. Katika Kenya nzima watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu waliyahama makwao. Wakikuyu waliumizwa na Wakalenjin waliumizwa. Wajaluo na Waluhya pia waliumizwa. Mapatano ya Bwana Mwai Kibaki na Bwana Raila Odinga, yaliyofanywa tarehe 28 Februari, 2008, kwa upatanishi wa Bwana Kofi Annan, ndiyo yaliyoirudisha nchi katika utulivu.

Baadaye Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilichunguza mambo hayo, ikatoa taarifa yake mwezi wa Oktoba, 2008. Tume iliona kwamba ghasia nyingine zilizuka kwa ghafula, lakini nyingine zilipangwa na kuandaliwa. Yafaa msomaji alifikiri sana neno hilo. Kupanga kwataka watu wakutane, wasikilizane, kisha wagawane kazi. Hayo ndiyo yafanywayo pia na watu wema wanaomsaidia mgombea wao kwa haki. Moto upikao chakula ndio uunguzao nyumba. Basi hatuwezi kusema kwamba mikutano ya majirani ni mibaya, wala kwamba ni mizuri, mpaka tujue hufanywaje.

MIKUTANO YA MAJIRANI ILIYOFANYA MEMA

Katika Afrika ya Mashariki mikutano ya namna hii ina historia ya sifa. Chama cha TANU kilianzishwa Tanganyika tarehe 7 Julai, 1954. Mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed wa Dar es Salaam alipewa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani. Yeye alikuwa mwimbaji mashuhuri katika vyama vya ngoma, na wanawake wa vyama hivyo walimjua na kumwamini. Hakungoja kujengewa jukwaa. Aliwaendea walipo, katika nyumba zao na katika ngoma zao. Kwa miezi michache maelfu ya wanawake wakawa wanachama. Nguvu iliyojengwa nyumba kwa nyumba ilionekana baadaye, TANU iliposhinda katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959.

Katika Kenya, Waafrika walipiga kura kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza mwezi wa Machi, 1957. Viti vilikuwa vinane tu, na kura hazikuwa sawa; kwa kufuata elimu, mali au utumishi wake, mtu mmoja aliweza kuwa na kura hata tatu. Vyama vya siasa vya Waafrika vya nchi nzima vilikuwa vimekatazwa, na vilivyoruhusiwa ni vya wilaya tu. Kwa hiyo mgombea alihitaji sana watu wa kwao waliomjua, wenye kumsemea kwa jirani zao. Kiti cha Bonde la Ufa kilichukuliwa na mwalimu Daniel arap Moi, aliyekuja kuwa Rais miaka 21 baadaye.

Lakini historia ina onyo pia. Mwaka 1988 wapiga kura wa Kenya waliamriwa wajipange mlolongo nyuma ya wagombea au picha zao katika uchaguzi wa mchujo wa chama cha KANU. Kila mtu alionekana na jirani yake, na mwajiri wake, na chifu wake. Mtu akiogopa kuchukiwa, miguu yake ilikwenda mahali ambapo moyo wake haukwenda. Tena mahali pengine mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu. Hapo watu walifahamu kwa nini kura ya siri ni ngao ya mnyonge. Siku hizi siri hiyo imeandikwa katika Katiba ya mwaka 2010.

Sasa tuyatazame mafundisho yenyewe.

1. MTU WA KUJITOLEA NI MDHAMINI

Kuna tofauti kubwa baina ya mtu aliyekodiwa na mtu aliyejitolea. Kijana aliyelipwa kupiga kelele leo kwa ajili ya mgombea huyu, kesho hupiga kelele kwa ajili ya yule. Majirani wanajua hivyo, na maneno yake huyahesabu kama upepo. Lakini mtu asiyelipwa akisema, “Mchagueni fulani,” ameweka jina lake rehani. Mgombea akipata kiti huenda akahamia Nairobi au akawa mwingi wa safari. Mdhamini wake habanduki. Hukutana na majirani kisimani na msibani kwa miaka mitano, nao humwuliza.

Kwa hiyo, kabla ya kumsemea mgombea, mtu wa kujitolea hana budi kumhoji yeye mwenyewe kwanza. Amefanya nini mpaka sasa? Kiti anachokitaka kina madaraka gani? Atarudi lini kutoa habari? Mgombea anayekasirikia maswali ya rafiki zake hatajibu maswali ya wananchi akiisha kupata kiti.

Haifai mtu kufikiri kwamba bila chama kikubwa hapawezekani kitu. Munyaka imo katika jimbo la Ainabkoi, na mwaka 2017 wapiga kura wa Ainabkoi walimchagua Bwana William Chepkut kuwa Mbunge, naye hakusimama kwa chama cho chote. Sheria yamtaka mgombea huru wa Ubunge aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 1,000 wa jimbo lake, na mgombea huru wa wadi na wasiopungua 500 wa wadi yake. Hapo ndipo kazi ya majirani inapoanzia.

2. MKUTANO WA NYUMBANI

Mkutano mzuri wa nyumbani si mkubwa. Watu kumi au kumi na watano watosha, ili kila mmoja apate kusema. Kwanza wataje shida za mtaa. Kisha waulize ni nani mwenye madaraka ya kuziondoa. Mwisho wagawane kazi.

Jambo la pili ndilo linalosahauliwa mara nyingi. Kwa Katiba ya sasa, Serikali ya Kaunti hushughulikia zahanati na vituo vya afya, barabara za kaunti, masoko, maji na shule za chekechea. Serikali ya Taifa hushughulikia polisi, na shule za msingi na za sekondari. Basi mgombea wa wadi akiahidi kuongeza askari polisi, ameahidi mali isiyo yake. Mkutano wa majirani wanaojua hayo ni vigumu kudanganywa.

Mkutano wa hadhara una masharti yake. Mwenye kuuitisha lazima ampe mkuu wa kituo cha polisi habari kabla, siku zisizopungua tatu wala kuzidi 14. Kampeni huanza saa moja asubuhi na kwisha saa kumi na mbili jioni, na husimama kabisa saa 48 kabla ya kura.

Lakini sharti kubwa kuliko yote halikuandikwa po pote. Mlango uwe wazi. Kila neno linalosemwa ndani lipimwe hivi: je, lingesemwa kama jirani wa kabila jingine angeingia sasa hivi na kuketi? Kama sauti zingeshuka na maneno yangebadilika, basi neno lile halikufaa kusemwa tangu mwanzo. Ndiyo sababu katika mtaa wa makabila mengi yafaa mazungumzo yawe ya Kiswahili. Mkutano wa lugha ya kabila moja umefunga mlango bila ya kutia komeo. Tena sheria ya mwaka 2008 ya utangamano wa taifa yamtisha mwenye kueneza chuki ya kikabila kwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

3. BAHASHA NA UNGA

Chai ambayo mwenye nyumba humpa mgeni wake kila siku ni ukarimu. Bahasha, mfuko wa unga au leso inayotolewa ili mtu atoe kura yake ni rushwa. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 humkamata mwenye kutoa, na humkamata mwenye kupokea vile vile. Watu wengine husema, “Kula chake, kisha umpigie umpendaye.” Maneno hayo yana ujanja lakini hayana faida. Mgombea aliyenunua kura huona amekwisha kulipa deni lake. Akiulizwa habari za barabara, moyoni mwake husema kwamba watu wale walikwisha kula barabara yao. Unga wa kilo mbili hauikai nyumba wiki moja, na kiti hukaa miaka mitano.

4. MLANGO KWA MLANGO

Mwenye kupita mlango kwa mlango asimwulize mtu, “Utampigia nani?” Jibu lake ni siri, na kulitafuta ni kumtia mtu hofu nyumbani kwake. Wala asichukue kitambulisho cha mtu wala kuandika kabila lake. Orodha ya nyumba iliyoandikwa kwa makabila ni kitu cha hatari mtaani, hata kama aliyeiandika alikuwa na nia njema. Karatasi huweza kuanguka katika mikono mingine.

Yako maswali mazuri ya kuuliza. Je, mmejiandikisha? Je, mnakijua kituo chenu? Je, yuko mzee au mgonjwa atakayehitaji kupelekwa? Asiyeweza kusoma au asiyeona ana haki ya kuingia kituoni na mtu anayemwamini, naye mtu huyo huapishwa, wala hawezi kumsaidia mpiga kura zaidi ya mmoja. Aliyewasaidia majirani kwa namna hii bila kuuliza kabila wala chama, amemfanyia mgombea wake sifa kubwa kuliko mabango mia.

5. WAKALA NA KARATASI YAKE

Kazi ngumu ya kujitolea huja siku ya kura. Kila chama au mgombea huru anaweza kuwa na wakala mmoja katika kituo. Wakala huona sanduku likiwa tupu kabla ya kufungwa, hukaa mchana kutwa, na usiku huona kura zikihesabiwa moja moja. Kisha hutia sahihi katika fomu ya matokeo na kupewa nakala. Ya Rais huitwa 34A, ya Mbunge 35A, na ya mwakilishi wa wadi 36A. Nakala nyingine hubandikwa nje ya kituo ili kila mtu asome.

Kazi hii ni kubwa kwa sababu uvumi ni mama wa ghasia. Mwishoni mwa mwaka 2007 watu walisubiri matokeo siku tatu, na katika kusubiri kule kila mtaa ulisadiki habari zake. Wakala anayerudi usiku na karatasi yenye sahihi amerudi na hesabu; anayerudi na hasira tu amerudi na uvumi. Na hesabu ikiwa na kasoro, mahali pake ni mahakamani. Tarehe 1 Septemba, 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya iliufuta uchaguzi wa Rais uliofanywa tarehe 8 Agosti, kwa kuwa haukufuata Katiba na sheria. Katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti, 2022, fomu za 34A ziliwekwa wazi katika mtandao wa Tume ya Uchaguzi, hata mtu wa Munyaka aliweza kuisoma fomu ya kituo chake mwenyewe na kuilinganisha na ile iliyobandikwa.

6. SIKU YA PILI

Mwenye kushinda asipite mbele ya nyumba ya aliyeshindwa akipiga tarumbeta. Afadhali aende kumwamkia. Mabango yaondolewe na waliokuwa wameyabandika. Mwenye kushindwa asikatae kuketi katika kamati ya maji kwa sababu mwenyekiti wake alikuwa wa upande mwingine. Ushindi wa mgombea hutangazwa na Tume. Ushindi wa mtaa huonekana siku hii ya pili, mama anapomtuma mtoto kwa jirani kuazima chumvi, na mtoto akarudi nayo.

MFANO WA MBALI WA WIKI ILE ILE

Liko jambo la kuangaliwa sana. Wiki ile ile Eldoret ilipokuwa ikiwaka, yaani tarehe 3 Januari, 2008, watu wa jimbo la Iowa katika Marekani walikutana na majirani zao katika shule, makanisa na kumbi, kumchagua mtu wa kukisimamia chama chao. Wafuasi wa chama cha Democratic walifanya shauri lao waziwazi: waliomtaka huyu walisimama pembe hii, waliomtaka yule pembe ile, na kila kundi likajaribu kuwavuta wengine kwa maneno. Vijana wengi wa kujitolea walikuwa wamepita mlango kwa mlango miezi mingi katika baridi. Aliyeshinda usiku ule alikuwa Barack Obama, ambaye baba yake alizaliwa Nyanza, Kenya. Siku zizo hizo Obama alitoa wito kwa watu wa Kenya warudie amani.

Hata Iowa kusimama hadharani kuna hatari zake, na Wakenya walioona mlolongo wa mwaka 1988 hawana sababu ya kuiacha kura ya siri. Somo liko penginepo. Majirani wale walibishana uso kwa uso, wakahesabiwa, kisha wakarudi makwao kulala. Hakuna aliyeuliza kama jirani yake ana haki ya kukaa katika mtaa ule. Hilo ndilo neno ambalo halina budi kukaa nje ya kila uchaguzi. Kura huamua ni nani atakayeongoza kwa miaka mitano. Haina mamlaka ya kuamua ni nani mwenyeji na ni nani mgeni.

Kwa kufuata Katiba, Uchaguzi Mkuu wa Kenya hufanywa Jumanne ya pili ya Agosti katika kila mwaka wa tano, na baada ya ule wa mwaka 2022 unaofuata ni wa tarehe 10 Agosti, 2027. Katika Munyaka na katika mitaa mingine yote, watu watakutana nyumbani kwa nyumba kuwasemea wagombea wao. Na wakutane, kwa maana raia asiyejishughulisha huwaachia wengine shauri lake. Lakini kabla ya mazungumzo kuanza, mmoja wao ainuke akaufungue mlango.

MASWALI YA KUZUNGUMZIWA

1. Kwa nini neno la mtu aliyejitolea lina uzito kuliko la mtu aliyelipwa?
2. Tajeni shida tatu za mtaa au kijiji chenu. Ni ipi iliyo kazi ya Kaunti, na ni ipi iliyo kazi ya Serikali ya Taifa?
3. Kuna hatari gani kuandika orodha ya nyumba kwa makabila?
4. Wakala wa kituo awaambie nini majirani waliokesha wakingoja matokeo?
5. Mtafanya nini, siku ya pili baada ya kura, kwa jirani aliyekuwa upande mwingine?